Kumpisha Mkwe kwenye Njia ya Vidunda

Nilipokuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima wilayani Kilosa nilitembea na watu wengi, lakini hakuna aliyezipenda njia za miguu kama Lukasi, wala hakuna aliyekuwa mvivu wa kutazama mandhari kama yeye. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza Chuo Kikuu. Watu walikuwa wamekwisha kuhamia kwenye vijiji vya ujamaa, na nyumba nyingi zilikuwa bado na udongo mbichi ukutani. Kazi yangu ilikuwa kuzungukia madarasa ya kisomo, na kijiji cha Ruhembe kilimpa Lukasi kazi ya kunisaidia kubeba vitabu, chaki na ubao mdogo wa kukunja. Idara ilikuwa na gari moja, na mara nyingi gari hilo lilikuwa limepandishwa juu ya magogo likingoja vipuri. Basi tulitembea kwa miguu, na mimi sikusikitika hata kidogo.

Lukasi alikuwa mtu mwembamba, mwenye miguu mirefu na maneno machache. Hakukimbia wala hakukawia. Alibeba mzigo kichwani na panga mkononi, na popote tawi lilipoziba njia alilikata, popote jiwe lilipolegea alilisukuma pembeni kwa mguu, hata kama njia yenyewe hakuijua na hakutegemea kuipita tena. Tulipofika mahali pa kupumzika, mimi niliketi nikitazama bonde, naye aliketi akitazama majani na mawe yaliyokuwa nyuma yetu. Siku moja nilimwambia kwamba anajinyima uzuri. Akanijibu kwa upole kwamba bonde halihami, anayehama ni nyoka.

Pamoja naye nilizifahamu njia za wilaya ile. Tulipanda vilima vilivyo nyuma ya mji wa Kilosa asubuhi ambayo umande ulikuwa umelowesha sketi yangu mpaka magotini, na kutoka juu tuliliona gari moshi likitambaa kando ya mto, dogo kama jongoo, na mlio wake ukatufikia likiwa limekwisha kupita. Tulikwenda Malolo, ambako njia inafuata mto Ruaha chini ya vilima vikavu, mawe yanawaka jua, na harufu ya vitunguu vilivyoanikwa inamfikia mtu kabla hajaona nyumba. Tulipita pia kwenye tambarare upande wa Mikumi, ambako majani ni mafupi, anga ni kubwa mno, na mavi ya tembo yaliyo mabichi yanamfanya mtu apunguze mazungumzo. Huko tulimkuta mfugaji mmoja, Koileken, akinywesha ng'ombe wake. Alitupa maziwa kwenye kibuyu, kisha akamwuliza Lukasi amebeba nini kichwani. Alipoambiwa ni vitabu, alicheka akasema kwamba mali yake yeye inajitembeza yenyewe. Lukasi aliyapenda maneno hayo, na kila mzigo ulipomwelemea aliyarudia peke yake kwa sauti ndogo na kutikisa kichwa.

Lakini njia iliyokuwa yake hasa ni ile ya kupanda milima ya Vidunda. Alizaliwa kule juu, akaoa kule juu, na mwaka wa kuhamia vijijini akashuka na mkewe Agnesi mpaka Ruhembe, wakajenga karibu na mashamba ya miwa. Kitongoji cha wazazi wa Agnesi hakikuhamishwa kwa kuwa kilikuwa karibu na shule, na wengine walijenga nyumba zao hapo hapo kikawa kijiji. Hivyo mama yake Agnesi, Mama Sikuzani, alibaki mlimani. Alikuwa mjane. Wanawe wa kiume walikwenda kufanya kazi kwenye ujenzi wa reli, na macho yake yalikuwa yameanza kufunikwa na ukungu, ingawa mwenyewe alisema ni moshi tu wa jikoni.

Lukasi na Agnesi walikuwa wamezika watoto wawili, wote wakiwa bado hawajafikisha hata siku moja ya kuishi. Nilipofika Ruhembe, Agnesi alikuwa na mimba ya tatu. Ilipokaribia mwisho miguu yake ilivimba, naye akawa analalamika kuumwa kichwa. Siwema, muuguzi wa zahanati, alisema waziwazi kwamba safari hii asizalie nyumbani, apelekwe hospitali mapema akangojee huko. Lori la kijiji lilikuwa liende mjini mwishoni mwa juma. Kila mtu alikubali isipokuwa Agnesi. Alisema hataki kufia mahali ambapo hakuna mtu anayemjua jina, na kwamba hatakwenda kokote bila mama yake. Siwema alimbembeleza, wanawake wa jirani walimkaripia, mimi nilimpa maelezo marefu. Agnesi aligeukia ukutani.

Jioni hiyo Lukasi alikuja nyumbani kwangu. Alisimama nje ya mlango akichezea mpini wa panga.

"Naomba miguu yako, Mwalimu," alisema. "Na mdomo wako."

Nikamwambia miguu yeye anayo mizuri kuliko yangu.

"Yangu haifai kwa safari hii. Nani atatembea nao?"

Nao, maana yake Mama Sikuzani. Kwa desturi ya kwao, mwanamume hakutani uso kwa uso na mama mkwe wake. Halitaji jina lake, hali naye, hamwiti, wala hazungumzi naye ila kwa kupitia mtu mwingine, na akimsema humsema kama watu wengi. Wakikutana njiani mwanamume huingia majanini, akampa mgongo mpaka apite. Mama naye, akijua mkwe yuko karibu, huongeza mwendo ili asimweke majanini muda mrefu. Haya hiyo hupungua nyumba ikishapata watoto. Kwa Lukasi ilikuwa haijapungua, na watu wa mlimani walimtaja kama mfano kwa vijana: tangu ampose Agnesi, walisema, hajapata hata kuona unyayo wa mkwe wake.

Tuliondoka asubuhi. Njia inaanzia katikati ya miwa, na kwa muda mrefu mtu haoni kitu ila kuta mbili za kijani na kamba ya anga juu yake. Kisha unavuka kijito chenye mawe makubwa, na mlima unaanza bila kubisha hodi. Udongo ni mwekundu, na mahali pengi nyayo za watu wa miaka mingi zimechimba vidato, hata unapanda kama ngazi. Mwanzoni nilikuwa nahesabu aina za ndege. Baadaye niliacha ndege nikawa nahesabu pumzi. Tulipofika kwenye bega la kwanza upepo wa baridi ulitupiga usoni, migomba ikaanza kuonekana, na chini yetu mashamba ya miwa yalikuwa yametandikwa kama mikeka, na moshi wa kiwanda ukisimama wima. Mbali kabisa, weupeweupe, ulikuwa uwanda wa Mikumi. Nilisimama bila aibu nikasema jinsi palivyo pazuri.

Siku hiyo Lukasi naye aligeuka. Alitazama chini kwa muda, macho ameyakunja. Nikadhani hatimaye nimemfundisha kitu, kumbe alikuwa anatafuta paa la nyumba yake.

Mama Sikuzani tulimkuta akichambua maharage uani. Alikuwa mama mrefu, aliyefunga kitambaa kichwani kwa kukaza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuzungumza kutoka kilima hiki hadi kile. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaniuliza nimekuja na nani. Nikasema nimekuja na mkwe wake.

"Mbona sioni mtu? Naona miguu miwili tu chini ya mgomba. Migomba ya siku hizi inaota miguu?"

Lukasi, aliyekuwa nyuma ya migomba akiwa ametupa mgongo, alijikuna shingo.

Mazungumzo yakawa hivyo, mimi katikati. Mama aliuliza habari za Agnesi akinitazama mimi, nami nikageuka nikaurudia mgomba swali ambalo mgomba ulikwisha kulisikia. Mgomba ukajibu, nami nikarudisha jibu kwa mama ambaye naye alikwisha kulisikia. Mwanzoni nilijaribu kufupisha. Haikuruhusiwa. Lukasi alinisahihisha: sikuwaambia habari ya kichwa kuuma. Mama naye aliniambia nimesahau kuuliza kama anakula. Nilipomaliza kueleza habari ya hospitali na lori, mama aliacha maharage. Akauliza, kwa sauti ambayo haikuwa tena ya utani, kama miguu ya mtoto wake imevimba mpaka kidole kikibonyezwa kinaacha shimo. Nikaugeukia mgomba.

"Waambie ndiyo," Lukasi alisema.

Mama Sikuzani aliinuka akaanza kufunga nguo zake.

Tulilala huko, Lukasi kwa mjomba wake, mimi kwa mama. Kulipokucha tukaanza kushuka kwa mpango uliojulikana tangu zamani: Lukasi mbele, mbali asionekane, akisafisha njia kwa panga na kupiga majani umande umwagike, mimi na mama nyuma, yeye na fimbo yake, mkono mmoja begani kwangu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Ukungu ulikuwa umeujaza mlima wote, na miti ilitoka ndani yake mmoja mmoja, ikatupita, ikapotea. Kushuka katika ukungu ni jambo la ajabu. Hakuna bonde, hakuna kilele, kuna kipande kidogo tu cha njia kinachosogea pamoja nawe kama mkeka unaokunjuliwa. Mama hakuona tofauti kubwa. Alisema kwamba leo na mimi naona kama yeye.

Alikuwa na hamu ya kusema. Alinieleza jinsi alivyompinga Lukasi alipokuja kuposa, kwa sababu alikuwa mwembamba mno na yeye alitaka mkwe wa kubeba magogo. "Nikasema huyu upepo utamchukua. Baba yake Agnesi akasema, basi tutamfunga jiwe." Nilicheka, nikakanyaga vibaya, ukanda wa kiatu changu ukakatika. Niliketi kuufunga kwa uzi wa ukindu. Mama akasema atatangulia polepole, njia hii ameipita tangu akiwa mgongoni mwa mama yake na fimbo inatosha. Ukungu ukamchukua kabla sijatoboa tundu la kwanza.

Mbele yetu njia iligawanyika. Ya kulia ilishuka kijitoni. Ya kushoto ilikwenda kwenye mahame, nyumba za zamani za watu waliohamia chini, na tangu mvua za mwaka uliopita kipande chake kilikuwa kimeporomoka. Lukasi alikuwa amesimama hapo kwenye njia panda akitungoja tukaribie. Alisikia fimbo ikija. Upande wa chini kulikuwa na genge, hakuweza kukimbilia mbele bila kuonekana, basi akafanya kile ambacho mtu yeyote aliyelelewa vizuri kule angefanya: akaruka majanini upande wa juu, akainama, akageuza mgongo. Alidhani tuko wote wawili.

Nilipofika nilimkuta bado yuko majanini, kijasho kinamtiririka ingawa kulikuwa na baridi.

"Wamepita," alisema.

"Nani wamepita?"

"Wao."

"Kwenda wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu. Njia ya kushoto.

Nilimwuliza kwa nini hakumwita. Alinitazama kama niliyemwuliza kwa nini hakuvua nguo.

"Ningemwita nani, Mwalimu? Nilikohoa. Wakaongeza mwendo. Nikakohoa kwa nguvu, wakawa kama wanakimbia."

Nilielewa. Kikohozi cha mkwe majanini maana yake ni moja tu: niko hapa, pita salama. Na mama, mwenye adabu kama yeye, alikuwa ameinama akaharakisha, miguu yake ikafuata njia iliyoizoea kuliko zote, njia ya mashamba yake ya ujanani. Kila Lukasi alipokohoa, alimsukuma mbele zaidi. Alingoja nitokee nyuma yake nimrudishe, na sikutokea, na alipofikiri kunifuata akaogopa kumwacha mama peke yake upande ule. Hivyo ndivyo alivyobaki amechutama.

Tulikimbia njia ya kushoto, mimi mbele nikiita, yeye nyuma. Mahame yale yalikuwa na ukimya wa pekee. Migomba bado ilizaa bila mwenyewe, mawe ya jiko yalikuwa mahali pake, na makaburi kadhaa yalikuwa yamefunikwa na majani ya kijani laini. Siku nyingine ningesimama. Niliita, "Mama Agnesi," nikasikia tu matone yakidondoka. Niliita tena. Sauti ikajibu kutoka chini, karibu kuliko nilivyotegemea, ikisema nisiendelee mbele kwa sababu njia imekwisha.

Mlima ulikuwa umekatwa hapo kama kipande cha muhogo. Chini kidogo, kwenye ubavu wa udongo ulioporomoka, Mama Sikuzani alikuwa ameketi kwenye kibao kidogo cha ardhi, fimbo imepotea, mguu mmoja umejikunja vibaya. Chini yake kulikuwa na ukungu tu. Alisema hajavunjika, kifundo cha mguu kimeteguka, hawezi kukikanyaga.

Lukasi alikuwa nyuma ya mti, ametupa mgongo. Aliniambia nimwambie mama ashike mizizi.

"Nimesikia," mama alisema kutoka chini. "Mwambie mizizi yenyewe imeoza."

Nilianza kushuka mwenyewe. Udongo ulikatika chini ya kiatu changu, nikarudi juu kwa magoti. Mama alinikataza nisijaribu tena: nikianguka, alisema, Lukasi atakuwa na wanawake wawili bondeni, na mmoja wao hawezi hata kumtazama. Lukasi alisema arudi kijijini kutafuta wanawake wenye nguvu. Nilirudia maneno hayo, na kwa mara ya kwanza niliyasikia jinsi yalivyo. Kwenda na kurudi kungekula mchana wote, na mvua ilikuwa inaanza tena, matone makubwa yakiupiga ule udongo uliolegea. Lori lingeondoka kesho asubuhi. Agnesi angebaki amegeukia ukuta.

"Mwalimu," mama alisema, "nyamaza kidogo. Kaa pembeni."

Nikakaa pembeni.

"Lukasi."

Yule mtu nyuma ya mti alishtuka kama aliyechomwa.

"Lukasi, mwanangu. Heshima yako naijua, mlima wote unaijua. Lakini nimeshazika wajukuu wawili. Leo sina haja na heshima yako. Nina haja na mgongo wako."

Mimi nilitazama makaburi. Nilifikiri nitasikia ubishi, au kilio, lakini nilichosikia ni panga likiwekwa juu ya jiwe, taratibu. Kisha Lukasi akaniomba khanga yangu, bila kunitazama. Alijifunga nayo mgongoni, akaikaza, ili mwili wa mama usiguse mwili wake. Alishuka kinyumenyume, akichimba vidato kwa vidole vya miguu, na alipofika kwenye kile kibao cha ardhi alichutama bila kugeuka, mikono amepeleka nyuma.

Mama Sikuzani alipapasa akaigusa khanga.

"Nimebeba watoto wanane kwa mbeleko," alisema. "Sikujua kwamba na mimi zamu yangu itafika."

Akapanda mgongoni. Sijapata kuona mtu akipanda udongo namna ile, kama mjusi, akijaribu kila mzizi kabla ya kuuamini, na yule mama mrefu amemning'inia shingoni, kimya sasa. Nililala kifudifudi nikanyoosha mkono, nikaushika mkono wa Lukasi, nikavuta. Walipofika juu wote wawili walikuwa wekundu kwa udongo. Nilidhani atamshusha. Hakumshusha. Alisimama amekunja mgongo, akitazama ardhi, kifua kinapanda na kushuka.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, baba."

Tangu ampose Agnesi hawakuwa wamesalimiana. Kisha tukarudi mpaka njia panda.

Kutoka pale Lukasi alimbeba mpaka chini. Mimi nilibeba panga na mzigo. Ukungu uliinuka tulipokuwa kwenye bega la mlima, jua likatoka juu ya kila kitu kilicholowa, na bonde lote likang'aa chini yetu. Nilikuwa nimefungua mdomo kusema, Lukasi akanitangulia. Alimwambia mama kwamba sasa wanaiona miwa. Akamwambia imefika kimo gani, na kwamba upande wa kushoto wameanza kukata, na kwamba kuna lori limesimama kwenye daraja. Mama aliuliza kama nyumba ya Agnesi inaonekana. Akasema inaonekana, ina moshi jikoni, paa limekaa vizuri. Mimi, mwenye macho mazima, sikuiona nyumba yoyote. Mama aliuliza rangi ya mlima wa ng'ambo, akaambiwa. Aliuliza kama mto umejaa, akaambiwa. Kadiri tulivyoshuka ndivyo Lukasi alivyoendelea kusimulia, kila jiwe na kila mgeuko, mtu ambaye kwa miezi mingi nilimjua kwa maneno machache.

Ulimi wa mama nao ulirudi. Alisema Agnesi hakumwambia kwamba mume wake ana mifupa mikali namna hii, amekaa kama juu ya kuni. Aliuliza wanakula nini huko kwenye miwa.

"Ugali, mama."

"Basi ongeza."

Kwenye kijito maji yalikuwa yamepanda yakafunika mawe. Niliogopa. Lukasi hakusimama, aliingia mpaka kiunoni, akipapasa kwa miguu, na mama akavuta nguo zake juu akimwambia asimwogeshe kabla hajamsalimu mwanawe.

Tuliingia Ruhembe alasiri. Habari za namna ile hutangulia watu. Wanawake waliokuwa bombani walituona, wakaziba midomo kwa khanga, wengine wakageuza nyuso kwa adabu, wengine wakatukodolea macho. Beda, mjomba wa Agnesi na mkubwa wa ukoo pale kijijini, alitoka nje ya nyumba yake akasimama katikati ya njia. Alisema kwa huzuni kwamba jambo kama hili halijapata kuonekana, na kwamba Lukasi, hata kama ana sababu, lazima atoe kuku wa kuondoa aibu. Lukasi aliinama zaidi. Mama Sikuzani akajibu kutoka mgongoni.

"Kaka Beda, aliyepanda ni mimi. Huyo kuku nidai mimi. Na sasa tupishe, miguu ya mwenzio inauma."

Beda aliwapisha. Alikuwa wa kwanza kucheka, baadaye, akajifanya anakohoa.

Agnesi alikuwa ameketi mlangoni. Alipomwona mama yake juu ya mgongo wa mume wake machozi yalimtoka, kisha akawa anacheka huku analia, na alipojaribu kuinuka miguu ilimkatalia. Lukasi alimshusha mama kando yake kwenye mkeka, akafungua ile khanga, akanirudishia ikiwa imelowa na imejaa udongo, akaenda zake nyuma ya nyumba. Mama alivishika vifundo vya mwanawe, akabonyeza kwa kidole gumba, akatazama lile shimo. Alimwambia tu kwamba kesho wanapanda lori, na kwamba wakifika huko wawili wasioweza kutembea, itabidi hospitali iwapokee kwa pamoja.

Walipanda lori asubuhi, juu ya magunia, Siwema akiwa nao. Lukasi alitakiwa kubaki kwa kazi za kijiji, lakini hakuna aliyemwona baada ya adhuhuri. Alikuwa ameshika njia kuelekea mjini kwa miguu. Nilimkuta huko siku chache baadaye, nilipokwenda kuchukua vitabu vipya. Alikuwa amekaa chini ya dirisha la wodi ya wazazi pamoja na Mama Sikuzani, aliyekuwa amefungwa bendeji mguuni. Walikuwa wanakula muhogo wa kuchoma kutoka kwenye karatasi moja. Walikaa wanatazama pande tofauti, Lukasi barabarani, mama ukutani, lakini karatasi ilikuwa katikati yao.

Waliniambia Agnesi ameingia chumba cha kuzalia tangu alfajiri na kwamba daktari amekwisha kuitwa. Nikakaa nao. Nilikuwa nimesoma mambo mengi ya kuwaambia watu wenye wasiwasi, na hakuna hata moja lililokuja. Lukasi alikuwa amekuta kifungo kimelegea kwenye shati lake na alikuwa anakizungusha.

Tulisikia kilio kabla mlango haujafunguliwa. Kilikuwa kikali, cha mtu mwenye hasira na ulimwengu. Muuguzi mmoja kijana alitoka akasema ni wa kike, na kwamba mama yake anaulizia watu wake, amechoka lakini yuko salama. Nyuma yake kilio kiliendelea, kikapanda, na yule muuguzi akaomba radhi, akasema anarudi ndani kumtuliza.

"Mwache," alisema Mama Sikuzani. Alikuwa ameushika mkono wa shati la Lukasi na hakuuachia. "Mwache alie, mwanangu. Sisi tunasikiliza."